Udoni ya Kagawa na vibanda vya Fukuoka: pa kushiba na pa kupitia tu

Mgeni anayeulizia tambi za Japani huelekezwa mji wa Fukuoka kabla hajamaliza kuuliza: vibanda vya usiku kando ya mto, rameni ya supu nyeupe nzito, mvuke na kelele. Yote ni kweli. Lakini supu ile hutokana na mifupa ya nguruwe, kwa hiyo wasomaji wengi wa lugha hii wameshatolewa mezani. Hata anayekula nguruwe atatoa bei ya juu kibandani kwa bakuli ambalo si bora mjini. Aliye na siku mbili za kutumia kwa tambi azipeleke Kagawa, kwenye udoni, yaani tambi nene za ngano. Fukuoka aipe jioni moja, tena akijua anachokifuata.

Kagawa ndio mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo. Uko kisiwa cha Shikoku, na jina lake la zamani, Sanuki, limebaki kwenye tambi zake: sanuki udoni. Mvua huko ni haba na mpunga hauna uhakika, hivyo wakulima walizoea kupanda ngano katika mashamba yale yale baada ya kuvuna mpunga. Chumvi ilipatikana Bahari ya Ndani ya Seto, iliyo mlangoni, na sosi ya soya ikatoka kisiwa cha Shodoshima. Supu ililetwa na kisiwa kidogo cha Ibuki, kwa samaki waitwao iriko.

Iriko ni dagaa. Wanavuliwa, wanachemshwa mara tu wafikapo nchi kavu, kisha wanakaushwa. Anayejua dagaa wa Unguja wanavyotumbukizwa kwenye maji ya chumvi yanayochemka kabla ya kuanikwa hahitaji maelezo zaidi. Harufu inayokupokea kwenye duka la udoni la Kagawa ni hiyo hiyo, ila imetulizwa. Supu yake ina rangi ya dhahabu iliyopauka na ni nyepesi kama chai ya rangi. Utamu wa samaki hutangulia, chumvi hufuata. Anayelalamika kwamba chakula cha Kijapani hakina ladha aanzie hapa.

Tambi zenyewe ni nene, nyeupe, zenye kona za mraba. Sifa inayotafutwa huitwa koshi, na wageni wengi huichanganya na ubichi. Tambi isiyoiva huacha unga kwenye meno. Yenye koshi hunepa, hukaza kidogo, kisha hukatika safi. Hilo halitokani na kuichemsha muda mfupi; udoni halisi huchemka kati ya dakika 10 na 15. Hutokana na maji, chumvi na mapumziko ya donge. Ili tambi mbichi zinazouzwa kwenye pakiti ziitwe sanuki halisi, masharti ya Japani yanataka zitengenezwe Kagawa, maji yasipungue asilimia 40 ya uzito wa unga, chumvi isipungue asilimia 3, na donge lipumzike si chini ya saa 2. Donge hufungwa kwenye plastiki au mkeka na kukanyagwa kwa miguu, kwa sababu ni gumu mno kwa mikono mitupu. Mafundi wana kanuni ya zamani ya maji ya chumvi: kikombe 1 cha chumvi kwa vikombe 3 vya maji wakati wa joto kali, kwa vikombe 6 wakati wa baridi, na kwa vikombe 5 nyakati nyingine. Joto hulegeza donge, chumvi hulikaza. Ndiyo maana duka zuri lina ladha ile ile Januari na Agosti, na duka la kubahatisha hutoa tambi teketeke kila majira ya joto yanapoingia.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya utalii hulipita kimya: unga mwingi unaotumika Kagawa ni wa ngano ya Australia Magharibi. Ni mweupe, hukandika vizuri na bei yake ni nafuu. Mkoa ulizalisha mbegu yake wenyewe, Sanuki no Yume 2000, yenye harufu nzuri zaidi, lakini mafundi waliona inawasumbua kwa kuwa donge lake halivutiki vizuri, ndipo ikaja Sanuki no Yume 2009 kurekebisha kasoro hiyo. Duka linalotumia ngano ya nyumbani hubandika tangazo ukutani. Inafaa kujaribu mara moja, ila usilidharau duka lisilo na tangazo hilo. Utamu wa udoni hutegemea zaidi tambi zimetoka chunguni dakika ngapi zilizopita kuliko ngano ilikotoka.

Maduka ni ya aina tatu. Kuna mgahawa wa kawaida, ambako unaketi na kuhudumiwa. Kuna duka la kujihudumia, ndilo lenye raha. Na kuna kiwanda kidogo cha tambi chenye benchi mbili tatu pembeni, kinachouza kwa saa chache tu. Mgeni huogopa duka la kujihudumia kwa sababu foleni inakwenda haraka na hakuna wa kumweleza. Utaratibu ni huu. Chukua trei. Ufikapo kwa mpishi, taja idadi ya madonge ya tambi: donge moja huitwa tama, uzito wake baada ya kuchemshwa ni takribani gramu 200 hadi 250. Bakuli dogo, sho, ni tama 1. La kati, chu, kwa kawaida ni tama 2. Kubwa, dai, ni 3. Sema "kake, sho", yaani udoni ya supu tu, bakuli dogo, na umeeleweka. Kisha unapita kwenye meza ya vya kukaanga, unajiwekea tempura kwenye kisahani, unafika kwa mpokea pesa, unalipa. Supu unajimiminia mwenyewe kwenye bomba la pipa. Mwisho ni viungo: majani ya vitunguu, tangawizi iliyokwaruzwa, na tenkasu, yaani makombo ya tempura. Ukimaliza, unarudisha bakuli na trei dirishani, na kabla ya hapo unafuta meza yako kwa kitambaa kilichowekwa.

Katika baadhi ya maduka unapewa tambi baridi kwenye bakuli, na kazi ya kuzipasha ni yako. Hapo ndipo wageni huharibu chakula chao. Utaona sufuria pana la maji yanayochemka na vichujio virefu vyenye mpini, viitwavyo tebo. Mimina tambi ndani ya tebo, izamishe, tikisa kwa sekunde 10 hadi 20, basi. Ukizidisha, ngozi ya tambi inalainika wakati moyo wake ungali baridi, na koshi uliyoifuata umeiacha sufuriani. Kosa la pili ni kutokung'uta. Maji yaliyobaki kwenye tebo yanakwenda moja kwa moja kwenye supu na kuifanya chapwa, kisha mtu anaongeza sosi ya soya na kulalamika kwamba chumvi imezidi. Kung'uta mara tatu kwa nguvu, ndipo umimine.

Kosa la tatu ni kuomba kila kitu cha moto. Udoni ikishaiva husuuzwa kwa maji baridi na kufikichwa ili ute wa wanga utoke, na ubaridi huo ndio unaoikaza. Ukiipasha tena, unairudisha nyuma hatua moja. Kagawa wana msamiati wake kwa hilo: atsuatsu ni tambi za moto kwa supu ya moto, hiyahiya ni baridi kwa baridi, na hiyaatsu ni tambi baridi kwa supu ya moto. Hiyaatsu ndiyo ninayoipendekeza kwa anayekula mara ya kwanza. Supu inakuwa vuguvugu, unaikosa ile raha ya kuunguza koo, lakini unapata tambi ilivyo. Asiyejali supu sana achague bukkake, tambi zilizomwagiwa sosi kidogo iliyokolea, pamoja na figili nyeupe iliyokwaruzwa na kipande cha ndimu.

Kamaage na kamatama ni habari nyingine. Kamaage hutolewa chunguni na kuletwa ndani ya maji yake ya moto bila kusuuzwa, unachovya kwenye sosi. Ni laini, inateleza, ina harufu ya ngano kuliko aina zote. Duka la Nagata in Kanoka, mjini Zentsuji, limejenga jina kwa hiyo, na sosi yao huja kwenye chupa kubwa ya udongo, ya moto, yenye dagaa wa kutosha. Kamatama ni tambi hizo hizo za moto zikiwa zimevunjiwa yai bichi, na duka la Yamagoe, huko Ayagawa, hutajwa kuwa chimbuko lake. Mayai ya Japani hupangiwa tarehe ya mwisho ya kuliwa mabichi, kwa hiyo hofu ya kawaida inaweza kupungua, ingawa mjamzito na mwenye maradhi ni bora aache. Ukiipokea, koroga papo hapo. Joto la tambi ndilo linalopika yai kuwa mtindi mzito. Ukisubiri kupiga picha kwa dakika moja, umebaki na yai bichi baridi juu ya tambi, na kosa si la mpishi.

Mjini Takamatsu, makao makuu ya Kagawa, duka la Chikusei linafaa kwa wasio na gari. Udoni yao ni nzuri bila kuwa ya ajabu. Watu hufuata tempura ya yai. Yai lililochemshwa nusu huvikwa unga na kukaangwa papo hapo, ukilipasua kwenye bakuli kiini kinamwagika juu ya supu. Foleni ya mchana ni ndefu. Fika kabla ya saa tano asubuhi.

Saa ndiyo inayowaangusha wengi Kagawa. Maduka mengi mazuri hufunguliwa asubuhi, mengine alfajiri, na kufungwa saa nane mchana au pale tambi zinapokwisha, lolote litakalotangulia. Anayetoka Osaka akafika saa saba na nusu atakula kwenye mgahawa wa kituo cha treni. Lala Takamatsu usiku uliotangulia. Treni ya Marine Liner kutoka Okayama huvuka Daraja Kuu la Seto na kufika kwa muda usiofika saa moja. Maduka ya mashambani ni magumu bila gari. Reli ya Kotoden inasaidia kwa yaliyo karibu na stesheni, na Kotohira kuna teksi za udoni, ambazo madereva wake hufanya mtihani wa maandishi na wa kukanda tambi kabla ya kuruhusiwa kuvaa taa ya bakuli juu ya gari. Beba sarafu na noti ndogo, kwani maduka mengi madogo hayapokei kadi. Bakuli dogo la kake mara nyingi ni kati ya yeni 250 na 400, tempura moja yeni 100 hadi 200. Agiza dogo kila mahali. Tumbo la kawaida linamudu maduka matatu kwa asubuhi moja. Anayeanza na tama 3 amemaliza safari yake duka la kwanza.

Kwa Waislamu, yasemwe bila kuficha. Supu ya udoni ni ya dagaa, mwani mkubwa uitwao kombu na jodari mkavu, haina nguruwe. Lakini sosi huungwa kwa mirin, ambayo ni pombe tamu ya kupikia, wakati mwingine na sake, na sosi ya soya yenyewe ina alkoholi kidogo inayotokana na uchachu, au iliyoongezwa ili isiharibike. Anayehesabu hilo kuwa kizuizi atafute mgahawa wenye cheti cha halali, asitegemee jibu la "haina nyama". Tempura ya mboga mara nyingi hukaangwa katika mafuta yale yale yaliyokaangiwa kuku. Niku udoni ni ya nyama. Kagawa mara nyingi ni ng'ombe, asiyechinjwa kwa sheria. Wenye mzio wa soba, tambi za nafaka iitwayo buckwheat, nao waulize, maana baadhi ya migahawa huchemsha soba na udoni katika maji yale yale.

Sasa Fukuoka. Vibanda vyake, yatai, vimebaki takribani 100, vingi vikiwa Nakasu kando ya mto, Tenjin na Nagahama. Leseni zilikuwa za mtu na familia yake, hazirithishwi nje, vibanda vikawa vinakufa na wenyewe, hadi manispaa ilipotunga sheria ndogo ya yatai mwaka 2013 na kuanza kuchagua wauzaji wapya kwa ushindani. Kila kimoja huketisha watu kama 10, bega kwa bega. Hufunguliwa jioni baada ya saa kumi na mbili, na mvua kubwa ikinyesha hakuna kibanda. Chakula kibichi hakiruhusiwi, kila kitu lazima kipitie moto. Choo hakuna, tumia cha umma kabla hujaketi. Bei lazima zibandikwe. Pasipo na bei, pita. Inatarajiwa kila mtu aagize kinywaji, hata kama ni chai baridi, na ukishamaliza uwapishe wanaosubiri. Begi kubwa la safari liache hotelini, kwani halina pa kukaa.

Tathmini yangu: Nakasu ni ya picha, Tenjin ni ya kula. Mishikaki, oden (vipande vilivyochemshwa kwenye supu) na vya kukaanga ni vizuri pote pawili, ila rameni ya kibandani ni ya wastani. Jiko dogo haliwezi kuchemsha mifupa kwa saa nyingi kwa moto mkali unaohitajika ili mafuta na maji vishikamane na supu iwe nyeupe. Anayetaka rameni yenyewe aende kwenye duka lenye kuta.

Tambi za rameni ya Fukuoka ni nyembamba na zina maji machache sana ndani yake, kwa hiyo huiva chini ya dakika moja na hulainika upesi vilevile. Ndiyo sababu zinakuja kidogo, kisha unaongeza kwa kuomba kaedama, desturi iliyotoka soko la samaki la Nagahama, ambako wateja hawakuwa na muda wa kusubiri. Iombe wakati bado una vijiti viwili vitatu vya tambi, na usinywe supu yote kwanza, maana kaedama huja kavu. Ugumu unachagua: kata ni ngumu, barikata ngumu zaidi, harigane ni kama waya. Harigane ni ya majigambo, unga wake haujaiva na tumbo litakukumbusha usiku. Kata inatosha. Haradali ya majani, karashi takana, usiitie kabla ya kuonja supu. Pilipili yake hufunika kila kitu.

Asiyekula nguruwe hakosi cha kula Fukuoka, kwa sababu mji una udoni yake, na ni kinyume kabisa cha Kagawa: laini, imenyonya supu, inakatika kwa ulimi. Juu huwekwa gobo, mzizi mrefu wenye harufu ya udongo, uliokaangwa kama tempura. Mkagawa atakuambia imeharibika. Haijaharibika, imekusudiwa hivyo. Hekalu la Jotenji mjini humo lina jiwe la kumbukumbu linalodai udoni na soba zilianzia hapo, kwa ufundi wa kusaga nafaka ulioletwa kutoka China mwaka 1241.

Vingine kwa haraka. Takoyaki ya Osaka itawavunja moyo watu wa pwani wanaosikia "pweza": ni tone la unga lenye kipande kimoja cha ukubwa wa ncha ya kidole. Ndani ni uji wa moto mkali; toboa, subiri dakika mbili, vinginevyo ulimi hautaonja kitu siku nzima. Okonomiyaki ya Hiroshima, aina ya chapati ya kukaangwa yenye kabichi na tambi katikati, ni mlo kamili; "buta nashi" humaanisha bila nguruwe, ila bati la kukaangia ni la wote na sosi nyeusi mara nyingi ina kiini cha nyama. Yakisoba, yaani tambi za kukaangwa, ya Fujinomiya, chini ya mlima Fuji, iliyoshinda shindano la vyakula vya kienyeji la B-1 Grand Prix mwaka 2006 na 2007, hukaangwa kwa makapi ya mafuta ya nguruwe na kunyunyiziwa unga wa samaki wa jamii ya dagaa. Unga huo pekee ungestahili kuigwa Mwanza. Na popote pale, kula papo hapo ulipokinunua: mapipa ya taka barabarani ni adimu, muuzaji ndiye anayepokea vijiti na visahani vyake.

Cha kubeba nyumbani ni udoni iliyokaushwa nusu, ambayo hukaa muda mrefu bila friji. Sosi ya chupa iende kwenye begi la chini ya ndege. Chemsha gramu 100 za tambi kwa lita 1 ya maji au zaidi, bila chumvi, maana chumvi imo ndani, kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha suuza na kufikicha kwa maji baridi hadi ute uishe. Supu haina haja ya kununuliwa. Chukua gramu 30 za dagaa wa baharini waliokauka vizuri, toa vichwa na matumbo kwa sababu humo ndimo uchungu ulimo, loweka katika lita 1 ya maji kwa nusu saa au usiku kucha. Weka moto mdogo, engua povu, na uwatoe baada ya dakika 5 hadi 10. Wakikaa zaidi supu inanuka ushombo. Dagaa wa Unguja wana chumvi kuliko iriko, kwa hiyo waoshe kwanza na uonje kabla ya kutia sosi ya soya. Wale wa ziwani walioanikwa mchangani waache kwa mboga, kwani mchanga wao hauchujiki.